Sifuri Iliyosahauliwa: Uhakiki wa Uwasilishaji wa Mbinu ya Vigawo katika Kutatua Milinganyo ya Kipeo cha Pili

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna mbinu ya kutatua milinganyo ya kipeo cha pili kwa vigawo inavyowasilishwa katika ufundishaji wa hisabati shuleni. Hoja kuu ni kwamba uwasilishaji uliozoeleka umeitenga mbinu hiyo na kanuni inayoibeba, yaani kanuni ya zao la sifuri, na kuifanya ionekane kuwa ufundi wa kubahatisha namba mbili. Uhakiki umefanywa kwa njia tatu: kuifuata hoja ya mbinu hatua kwa hatua, kuilinganisha na kazi za al-Khwarizmi na Descartes, na kuchunguza istilahi na viunganishi vya Kiswahili vinavyoieleza. Imebainika kwamba baadhi ya makosa yanayohesabiwa kuwa ya mwanafunzi yana chanzo katika maelezo aliyopewa, na kwamba mifano teule ya darasani huficha mipaka ya mbinu. Makala inapendekeza kwamba mbinu ibaki, lakini ifundishwe na kusahihishwa kama hoja yenye masharti.

1.0 Utangulizi

Kutatua milinganyo ya kipeo cha pili kwa vigawo ni miongoni mwa mada ambazo kila mhitimu wa sekondari huzikumbuka, hata kama amesahau sababu zake. Nchini Tanzania mada hii imekuwa ikifundishwa katika kidato cha pili. Nchini Kenya, chini ya mfumo wa 8-4-4, iligawanywa: vigawo vilitangulia katika kidato cha pili, kisha kukamilisha mraba na kanuni ya jumla vikafuata katika kidato cha tatu. Kwa mpangilio wowote kati ya hiyo miwili, vigawo ndivyo mlango wa kwanza. Mwanafunzi hukutana navyo kabla hajajua kwamba kuna mlango mwingine.

Nafasi hiyo ya utangulizi inaipa mbinu ya vigawo uzito unaozidi manufaa yake ya kukokotoa. Ndiyo inayomfundisha mwanafunzi mara ya kwanza kwamba mlinganyo unaweza kuwa na majawabu mawili, kwamba usemi mmoja unaweza kuandikwa kwa sura mbili zilizo sawa, na kwamba sifuri ina tabia ambayo namba nyingine haina. Ikiwasilishwa vibaya, mambo hayo matatu hupotea kwa pamoja, na kinachobaki ni utaratibu wa kuandika mabano.

Makala hii haihakiki kitabu kimoja wala mwandishi mmoja wa kiada. Kinachohakikiwa ni umbo la maelezo ambalo limekuwa la kawaida kiasi kwamba halina mwenyewe: tafuta namba mbili ambazo jumla yake ni hii na zao lake ni lile, ziweke katika mabano, kisha badilisha alama zake upate majibu. Maswali yanayoongoza uhakiki ni matatu. Je, maelezo hayo yanabeba hoja inayothibitisha majibu? Je, yanamwonyesha mwanafunzi wapi mbinu inafika na wapi inakoma? Na je, Kiswahili kina nyenzo gani za kuyaboresha?

2.0 Hoja inayobebwa na mbinu

Tuchukue mlinganyo x² − 5x + 6 = 0. Kwa umbo la maelezo lililotajwa, mwanafunzi hutafuta namba mbili zenye jumla −5 na zao 6, akapata −2 na −3, akaandika (x − 2)(x − 3) = 0, kisha akatoa majibu 2 na 3. Majibu ni sahihi. Hata hivyo, kati ya mstari wa mabano na mstari wa majibu kuna hatua ambayo haikusemwa, na ndiyo hatua pekee inayoyafanya majibu hayo kuwa majibu.

Hoja kamili ina sehemu tatu. Kwanza, usemi x² − 5x + 6 na zao (x − 2)(x − 3) ni sawa kwa kila thamani ya x. Usawa huu hauna sharti. Pili, mlinganyo unadai kwamba zao hilo liwe sifuri, na dai hili linatimia kwa baadhi tu ya thamani za x. Tatu, zao la namba mbili haliwezi kuwa sifuri isipokuwa mojawapo ni sifuri. Kwa hiyo ama x − 2 ni sifuri, au x − 3 ni sifuri. Kutoka hapo tunapata milinganyo miwili myepesi, na kila mmoja una jawabu moja.

Tofauti kati ya sehemu ya kwanza na ya pili ni ya msingi, lakini alama ya usawa ni ileile katika zote mbili. Alama moja inatumika kusema kwamba semi mbili hazitofautiani kamwe, na pia kusema kwamba zinakutana mahali fulani tu. Mwanafunzi asiyeelezwa tofauti hii huandika mistari mfululizo bila kujua ni wapi amebadilisha sura ya usemi na ni wapi amefikia uamuzi kuhusu x.

Sehemu ya tatu ndiyo inayostahili uangalizi mkubwa zaidi, kwa kuwa huchukuliwa kuwa dhahiri. Si dhahiri. Ni sifa ya namba tunazozitumia, na kuna mifumo ya kuhesabu ambamo haipo. Hesabu ya saa ni mfano ulio karibu na kila msomaji: saa kumi na mbili zikipita, mshale hurudi ulipoanzia, hivyo 12 hushika nafasi ya sifuri. Katika hesabu hiyo, tatu mara nne ni sifuri, ingawa tatu si sifuri wala nne si sifuri. Mlinganyo wetu x² − 5x + 6 = 0 ukitatuliwa humo hauna majawabu mawili, bali manne: 2, 3, 6 na 11. Kwa mfano, x ikiwa 6 tunapata 36 − 30 + 6, yaani 12, ambayo katika saa ni sifuri. Na x ikiwa 11 tunapata 121 − 55 + 6, yaani 72, ambayo ni mizunguko sita kamili. Mabano (x − 2)(x − 3) yanabaki sahihi katika hesabu ya saa, ila hayatoshi kutoa majawabu yote. Hili linathibitisha kwamba kinachozaa majawabu si mabano peke yake. Ni mabano pamoja na kanuni ya zao la sifuri.

Kosa mashuhuri la darasani sasa linaeleweka. Mwanafunzi anapewa (x − 2)(x − 3) = 12, naye anaandika x − 2 = 12 au x − 3 = 12, akapata 14 na 15. Kwa mtu aliyefundishwa kwamba mabano yakishapatikana kila bano hupewa kilichoko upande wa kulia, hakuna alichokiuka. Amefuata utaratibu aliouona ukifanya kazi mara nyingi, kwa kuwa mara zote hizo upande wa kulia palikuwa na sifuri na hakuna aliyemwambia kwamba sifuri hiyo ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi. Njia sahihi ni kuhamisha 12 ili kupata x² − 5x − 6 = 0, yaani (x − 6)(x + 1) = 0, na majawabu ni 6 na −1. Bano la kwanza na la pili yanaweza kuzaa 12 kwa namna zisizo na idadi. Ni sifuri peke yake inayolazimisha mojawapo ya mabano lijulikane.

Kosa la pili lina asili hiyohiyo. Katika x² = 5x, mwanafunzi hugawanya pande zote kwa x na kubaki na x = 5. Jawabu la pili, 0, limepotea, kwa sababu kugawanya kwa x kunaruhusiwa tu iwapo x si sifuri. Mbinu ya vigawo hulilinda jawabu hilo: x² − 5x = 0, x(x − 5) = 0, kwa hiyo x = 0 au x = 5. Makosa haya mawili huorodheshwa mbali mbali, lakini yote ni kosa moja la kutojua kazi ya sifuri.

3.0 Sifuri katika historia ya mbinu

Historia inaonyesha kwamba hatua iliyoachwa ilichelewa sana kupatikana, jambo linalotosha kutuonya tusiichukulie kuwa dhahiri. Katika kitabu chake cha aljebra kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 9, al-Khwarizmi aliiainisha milinganyo hii katika aina sita, zote zikiwa na viwango chanya pande zote mbili. Hakuhamisha kila kitu upande mmoja na kuacha sifuri upande wa pili. Mlinganyo ambao leo tungeuandika x² + 21 = 10x aliutatua hivi: chukua nusu ya kumi, yaani 5; zidisha kwa yenyewe upate 25; toa 21 ibaki 4; kipeuo chake cha pili ni 2; kiondoe katika 5 upate 3, au kiongeze upate 7. Majawabu yote mawili yanapatikana, na uthibitisho wake ni wa umbo la mraba. Hakuna mabano wala hakuna kubahatisha.

Inafaa kuzingatia kwamba lugha ya Kiarabu, iliyokuwa lugha ya al-Khwarizmi, ndiyo iliyotupatia neno aljebra na pia neno sifuri. Hata hivyo, katika milinganyo yake sifuri haikuwa na nafasi ya kuwa upande mzima wa usawa. Hatua hiyo ilikuja baadaye sana, Ulaya, katika karne ya 17. Kazi ya Thomas Harriot iliyochapishwa mwaka 1631, baada ya kifo chake, ilionyesha milinganyo ikijengwa kutokana na mazao ya vipande vyepesi. Mwaka 1637, René Descartes katika La Géométrie alitumia mfano uleule unaotumika madarasani hadi leo: alichukua x − 2 na x − 3, kila kimoja kikiwa sifuri, akavizidisha, akapata x² − 5x + 6 = 0. Kisha akaendelea kuzidisha kwa x − 4 na kwa x + 5 ili kujenga milinganyo ya vipeo vya juu zaidi. Alieleza pia kwamba usemi wa namna hiyo hugawanyika bila baki kwa x ikitolewa mzizi wake.

Mwelekeo wa Descartes unafaa kuangaliwa kwa makini. Alianza na mizizi akaelekea kwenye mlinganyo. Shule huanza na mlinganyo na kuelekea kwenye mizizi. Kwa Descartes, mabano hayakuwa fumbo la kutafutwa. Yalikuwa kumbukumbu ya jinsi mlinganyo ulivyojengwa, na msomaji wake aliona kwa macho kwa nini 2 na 3 ni majawabu. Mwanafunzi anayeanzia upande wa pili anapewa bidhaa iliyokamilika na kuambiwa aifumue, bila kuwa ameona ikifumwa. Hoja ya makala hii si kwamba darasa lifuate historia mwaka kwa mwaka. Hoja ni kwamba mpangilio wa Descartes unaifanya kanuni ya zao la sifuri kuwa chanzo cha mlinganyo, ilhali mpangilio wa shule unaifanya kuwa hatua ya mwisho inayoweza kurukwa bila mtu kugundua.

4.0 Utafutaji wa vigawo: kubahatisha au kuthibitisha?

Lawama ya pili dhidi ya maelezo yaliyozoeleka inahusu neno "tafuta". Mwanafunzi huambiwa atafute namba mbili, lakini haambiwi atafute wapi wala atajuaje kwamba amemaliza kutafuta. Matokeo yake, anayepata haraka huonekana ana kipaji, na asiyepata huonekana mzito.

Tuchukue mfano mgumu kidogo: 6x² + x − 12 = 0. Utaratibu wa kawaida unamtaka mwanafunzi azidishe 6 kwa −12 apate −72, kisha atafute namba mbili zenye zao −72 na jumla 1. Anaandika 9 na −8, anakigawa kipande cha kati, 6x² + 9x − 8x − 12, anapata 3x(2x + 3) − 4(2x + 3), yaani (3x − 4)(2x + 3). Majawabu ni 4/3 na −3/2.

Kwa nini 6 ilizidishwa kwa −12? Swali hili lina jibu la mstari mmoja. Zao la (px + q) na (rx + s) ni prx² + (ps + qr)x + qs. Vipande viwili vinavyounda kipande cha kati ni ps na qr, na zao lake, psqr, ni lilelile zao la pr na qs. Kwa hiyo namba mbili zinazotafutwa lazima ziwe na zao sawa na la kizidishi cha kwanza na namba ya mwisho. Maelezo haya hayahitaji ujuzi ambao mwanafunzi wa kidato cha pili hana. Kuyaacha ni kumpa mwanafunzi kanuni ya kukariri pale ambapo angeweza kupewa sababu.

Utafutaji wenyewe pia una mwisho. Namba 72 ina jozi sita tu za vigawo: 1 na 72, 2 na 36, 3 na 24, 4 na 18, 6 na 12, 8 na 9. Zao likiwa hasi, tunatafuta jozi yenye tofauti 1, na ni moja tu. Orodha ikikamilika bila kupata jozi inayofaa, mwanafunzi hajashindwa; amethibitisha kwamba usemi huo hauwezi kuandikwa kama zao la vipande vyenye namba kamili. Huu ni uthibitisho wa kweli wa kihisabati, pengine wa kwanza ambao mwanafunzi anaweza kuufanya mwenyewe kwa ukamilifu katika aljebra. Maelezo ya kubahatisha yanamnyima fursa hiyo na badala yake yanamwachia mashaka: huenda jozi ipo, sijaiona.

5.0 Mipaka inayofichwa na mifano teule

Lawama ya tatu ni ya uteuzi wa mifano. Zoezi la vigawo kwa kawaida hutungwa kuanzia majibu, hivyo kila swali lina vigawo. Mwanafunzi anayefanya maswali arobaini ya namna hiyo ana haki ya kuhitimisha kwamba milinganyo ya kipeo cha pili kwa kawaida hugawika. Hitimisho hilo ni kinyume cha ukweli.

Ili kupima ukubwa wa jambo hili, tuhesabu milinganyo yote ya umbo x² + bx + c = 0 ambamo b na c ni namba kamili kuanzia −10 hadi 10. Jumla yake ni 441. Kati yake, inayogawika kwa vigawo vya namba kamili ni 76: 21 ambamo c ni sifuri, 28 ambamo c ni chanya, na 27 ambamo c ni hasi. Milinganyo 86 haina jawabu lolote katika namba halisi. Inayobaki, 279, ina majawabu halisi, lakini majawabu hayo hayaandikiki kama namba kamili wala kama sehemu. Kwa maneno mengine, hata tukiiacha kando isiyo na majawabu halisi, mbinu ya vigawo vya namba kamili inatatua milinganyo 76 kati ya 355, takribani mmoja kati ya mitano. Na kadiri upeo wa b na c unavyopanuliwa, sehemu ya milinganyo inayogawika huzidi kupungua.

Ukweli huo unaweza kuonyeshwa darasani kwa milinganyo mitatu jirani: x² − 5x + 6 = 0, x² − 5x + 5 = 0 na x² − 5x + 7 = 0. Wa kwanza unagawika. Wa pili haugawiki kwa namba kamili, kwa sababu vigawo vya 5 ni 1 na 5 tu, na jumla zake ni 6 au −6. Hata hivyo una majawabu mawili halisi, takribani 1.382 na 3.618. Wa tatu hauna jawabu halisi. Kauli ya kawaida kwamba mlinganyo fulani "haugawiki" inachanganya hali ya pili na ya tatu, ambazo ni tofauti kabisa. Wa pili unagawika vizuri iwapo tutaruhusu vipeuo ndani ya mabano. Swali la kama usemi una vigawo halina jibu mpaka isemwe ni namba za aina gani zinazoruhusiwa, na sharti hili karibu halisemwi.

Ipo njia ya kuishughulikia mitatu yote kwa wazo moja. Namba mbili zenye jumla 5 ziko umbali ulio sawa kutoka nusu yake, 2.5, ziandikwe 2.5 − u na 2.5 + u. Zao lake ni 6.25 − u². Katika mlinganyo wa kwanza zao ni 6, hivyo u² ni 0.25 na u ni 0.5: majawabu ni 2 na 3. Katika wa pili u² ni 1.25, na u ni takribani 1.118. Katika wa tatu u² ingekuwa −0.75, na hapo tunaona kwa nini hakuna jawabu halisi. Po-Shen Loh wa Carnegie Mellon University aliitangaza njia hii upya mwaka 2019 kama namna ya kufundishia, naye alieleza kwamba viungo vyake ni vya kale. Msomaji atakuwa ameona kwamba ndiyo hatua zilezile za al-Khwarizmi katika x² + 21 = 10x: nusu, mraba wa nusu, toa, kipeuo. Faida yake kwa hoja yetu ni kwamba inaanza na swali lilelile la vigawo, jumla na zao, lakini inalijibu bila kubahatisha na bila kukoma mahali namba kamili zinapokoma.

Mtetezi wa mbinu ya vigawo atauliza: kwa nini basi ibaki? Jibu la makala hii ni kwamba ibaki kwa sababu nyingine, si kwa sababu ya upeo wake. Umbo la mabano linaonyesha mambo ambayo kanuni ya jumla haionyeshi moja kwa moja: mahali mchoro unapokata mstari wa x, mahali usemi unapobadilika kutoka chanya kuwa hasi, na namna ya kurahisisha sehemu za aljebra. Anayetatua x² − 5x + 6 < 0 hujibu kwa kuyatazama mabano: zao ni hasi pale tu x inapokuwa kati ya 2 na 3. Thamani ya vigawo ni ya kuelewa umbo. Ikifundishwa kama njia ya haraka ya kupata majibu, itashindwa katika mashindano na kanuni ya jumla, na inastahili kushindwa.

6.0 Lugha: "kigawo", "na" na "au"

Katika shule za msingi za umma Tanzania, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia tangu 1967, ilhali sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mwanafunzi hufika kidato cha kwanza akiwa na istilahi mbili alizozizoea: kigawo na kigawe. Jozi hii imejengwa kwa mantiki ya lugha yenyewe. Kiambishi tamati -o hutaja kitendeacho kazi, kama kizibo ambacho huziba. Kiambishi tamati -e hutaja kilichotendwa, kama kiumbe ambacho kimeumbwa, au mteule ambaye ameteuliwa. Kigawo ni kinachogawa, kigawe ni kinachogawiwa. Tatu ni kigawo cha sita. Sita ni kigawe cha tatu.

Kwa mada yetu, istilahi hii ina hazina ambayo haijatumiwa. Kigawo kimepewa jina kutokana na kugawanya, si kuzidisha. Kusema kwamba x − 2 ni kigawo cha x² − 5x + 6 ni kusema kwamba kinaugawanya usemi huo bila baki. Na baki inayopatikana usemi unapogawanywa kwa x − 2 ni ile ile thamani ya usemi x inapokuwa 2. Kwa hiyo "x − 2 ni kigawo" na "2 ni jawabu" ni kauli mbili za jambo moja, jambo ambalo Descartes alilieleza. Mwalimu anayelikumbusha darasa maana ya kigawo anaweza kujenga daraja kutoka hesabu za msingi hadi aljebra kwa neno ambalo mwanafunzi tayari analo. Lugha ya kufundishia inapobadilika bila daraja hilo, mwanafunzi hupokea neno jipya lisilo na ukoo, na kuandika mabano huwa tendo lisilohusiana na kugawanya alikokujua.

Suala la pili la lugha ni viunganishi. Wanafunzi wengine huandika "x = 2 na x = 3", wengine "x = 2 au x = 3". Kusahihisha kwa kusema tu kwamba "au" ndiyo sahihi hakutoshi, kwa sababu "na" ina mahali pake. Tukizungumza kuhusu x moja, haiwezi kuwa 2 na wakati huohuo 3, hivyo hoja inadai "ama … au". Tukizungumza kuhusu majawabu ya mlinganyo, tunayo mawili, 2 na 3, hivyo "na" ni sahihi: majawabu ni 2 na 3. Descartes mwenyewe alieleza kwamba katika mlinganyo huo x ina thamani ya 2 na kwa pamoja ya 3, naye alikuwa akizungumzia mlinganyo kama kitu chenye mizizi yake. Kiswahili kinatenganisha vizuri kauli hizi mbili, mradi msemaji ajue anazungumzia nini. Anayeandika "na" mahali pa "au" huenda hajakosea hesabu. Huenda ameruka kutoka kuzungumzia x hadi kuzungumzia majawabu bila kubadilisha sentensi.

7.0 Athari kwa mtahini na mtafiti

Uhakiki huu una matokeo ya moja kwa moja kwa usahihishaji. Iwapo alama ya njia hutolewa kwa kuandika mabano, na alama ya jibu hutolewa kwa kuandika namba mbili, basi hatua ya zao la sifuri haina alama, na kisichokuwa na alama hakifundishwi. Mtahiniwa anayeruka hatua hiyo hapotezi kitu, na mtahiniwa anayeiandika hapati kitu. Vilevile, swali linaloelekeza kwamba mlinganyo utatuliwe kwa vigawo humhakikishia mtahiniwa kwamba vigawo vipo, na hivyo humwondolea kazi ya kuamua. Swali linalompa mlinganyo na kumtaka aonyeshe kama unagawika kwa namba kamili au la, lingepima uelewa zaidi kwa hesabu chache zaidi.

Kwa mtafiti wa makosa ya wanafunzi, tahadhari ni kuhusu uainishaji. Ni rahisi kuweka jibu la 14 na 15 katika kundi la uzembe, na jibu la x = 5 peke yake katika kundi la kutomaliza kazi. Uainishaji huo hutaja sura ya kosa, si chanzo chake. Makundi yakipangwa kwa kuzingatia hatua ya hoja iliyoachwa katika maelezo, yaani usawa usio na sharti, zao la sifuri, ukamilifu wa orodha, au aina ya namba zinazoruhusiwa, baadhi ya makosa yatahama kutoka kwa mwanafunzi kwenda kwenye matini aliyoisoma. Kuhama huko si kumtetea mwanafunzi kwa huruma. Ni kuweka chanzo mahali pake, kwa kuwa marekebisho yanayoelekezwa kwa mwanafunzi hayawezi kuponya kasoro iliyo katika maelezo.

8.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba mbinu ya vigawo, jinsi inavyowasilishwa kwa kawaida, imepoteza sehemu nne za hoja yake: tofauti kati ya usawa wa siku zote na usawa wa masharti, kanuni ya zao la sifuri, ukamilifu wa utafutaji, na tamko la aina ya namba. Imeonyesha pia kwamba sehemu hizo si za ziada, kwani kila moja ikikosekana huzaa kosa linalotambulika.

Mapendekezo yanayofuata ni haya. Mada ianze kwa kujenga milinganyo kutokana na mizizi yake kabla ya kuifumua. Hatua ya "ama … au" iandikwe kikamilifu na ipewe alama. Kila zoezi liwe na milinganyo isiyogawika, na mwanafunzi atakiwe kuthibitisha hivyo kwa orodha kamili ya jozi. Neno kigawo lihusishwe na kugawanya bila baki, hata darasa linapoendeshwa kwa lugha nyingine. Hakuna pendekezo kati ya haya linalohitaji vifaa vipya wala vipindi vya ziada. Yanahitaji mistari miwili au mitatu zaidi ubaoni, na mtahini aliye tayari kuitafuta katika karatasi ya mtahiniwa.